Ukisifiwa unavimba, ukikosolewa unanuna: Unamfanyia kazi nani?

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka siku ya Kiyama.

Ndugu zangu Waislamu, leo nataka tuzungumzie maradhi ambayo hayana kipimo hospitali na ambayo aghalabu huwapata watu wema kuliko waovu. Mlevi hasumbuliwi nayo sana, kwani hakuna anayemsifu kwa ulevi wake. Wanaosumbuliwa ni imamu mwenye sauti nzuri, ustadhi anayejaza watu katika darsa, tajiri mwenye mkono mwepesi wa kutoa, mama anayeongoza kikundi cha kusaidia mayatima, na kijana aliyejitolea kufagia msikiti. Ni maradhi ya mtu kujitazama. Anaswali huku anajitazama anavyoswali, anatoa sadaka huku anajitazama anavyotoa, na hata akilia kwa toba hujitazama anavyolia.

Dalili zake ni mbili. Akisifiwa, hukua mpaka nguo zikambana. Akikosolewa, hununa, na huenda akaiacha ile kazi yenyewe aliyokuwa akidai anaifanya kwa ajili ya Allah. Wengi wetu tunadhani hizo ni tabia mbili tofauti, kwamba kuna mtu mpenda sifa na kuna mtu mwenye hasira. Nasema ni tabia moja. Jicho lile lile linalotafuta sifa ndilo linalochomwa na lawama, kwa sababu muda wote halikuwa linatazama kazi wala kumtazama Mwenye kulipa. Lilikuwa linamtazama mwenye jicho.

Nitatoa mfano wa jambo nililolishuhudia. Katika msikiti mmoja hapa jijini, ambao sitautaja, Waislamu walichanga fedha za kuchimba kisima. Mweka hazina alikuwa mzee anayeheshimika, aliyeutumikia msikiti ule kwa miaka mingi bila ya kulipwa hata senti. Siku moja baada ya swala ya isha akasimama kijana mmoja, akamwamkia yule mzee, akaomba waumini wasomewe hesabu za mchango. Lilikuwa ombi la kawaida kabisa. Mzee akajibu, "Mimi nimeutumikia msikiti huu tangu wewe hujazaliwa. Leo unaniita mwizi?"

Hakuna aliyekuwa ametamka neno mwizi. Lakini kuanzia usiku ule kisima kikasahaulika, na mjadala ukawa ni heshima ya mzee. Kuna waliosema vijana wa siku hizi hawana adabu, na kuna waliosema wazee wameugeuza msikiti kuwa mali yao. Yule kijana naye hakusalimika, kwani wenzake walimpongeza nje ya msikiti wakimwambia amewapasha, na pongezi zile zikamnogea. Ijumaa iliyofuata alisimama tena, na safari hii hakusimama kwa ajili ya hesabu. Alisimama ili apongezwe tena. Kundi moja likahama kwenda kuswali kwingine. Baada ya miezi mingi vitabu vilipofunguliwa, hakuna shilingi iliyopotea. Fedha zote zilikuwepo na risiti zake zilikuwepo. Muda wote huo akina mama waliendelea kubeba maji kwa ndoo ili wapate kutawadha.

Ndugu msomaji, tujiulize: ni nini hasa kilichokwamisha kisima kile? Si wizi, maana hapakuwa na wizi. Si umasikini, maana fedha zilikuwepo. Kilikwama kwa sababu swali kuhusu kisima lilimfikia mzee kama swali kuhusu nafsi yake, na jibu lake likamfikia kijana kama nafasi ya kuonekana. Kila mmoja alijiona yeye, na kisima hakikuonwa na mtu.

Kwa nini sifa ni tamu?

Wanazuoni wetu waliichambua nafsi karne nyingi kabla ya watu wa leo kuandika vitabu kuhusu mambo ya saikolojia. Imamu Abu Hamid al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia), katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, ameweka sehemu nzima ya kueleza ubaya wa kupenda jaha na riyaa. Humo anaeleza kuwa nafsi hupenda sifa kwa sababu nne. Kwanza, sifa huifanya ijione kuwa imekamilika. Pili, inaonyesha kwamba moyo wa yule anayesifu umeshatekwa. Tatu, wanaosikia sifa hizo nao mioyo yao hutekwa. Nne, inaonyesha kwamba msifiwa ana haiba na nguvu, hata mtu akalazimika kumsifu.

Zitazame vyema sababu hizo nne. Hakuna hata moja inayohusu jambo jema lililofanyika. Aliyelishwa hakutajwa, aliyefundishwa hakutajwa, na radhi za Allah hazikutajwa. Zote nne zinamzunguka mtu mwenyewe na nafasi yake katika mioyo ya watu. Ukizigeuza sababu hizo hizo utapata jibu la kwa nini lawama inauma: inamwambia mtu kuwa hajakamilika, kuna moyo mmoja umetoka mkononi mwake, wasikiaji nao watatoka, na haiba imepungua.

Kisha Imamu anawapanga watu katika madaraja. Wa chini kabisa ni yule anayefurahia sifa na kumshukuru msifuji, na anayekasirikia lawama na kutaka kulipa kisasi. Juu yake yuko yule ambaye moyoni anaumia lakini anauzuia ulimi na mikono. Wa tatu ni yule ambaye kwake sifa na lawama ni sawa. Na wa juu ni yule anayeichukia sifa na kumpenda anayemwonyesha aibu zake. Jambo la kututia moyo ni kwamba hilo daraja la pili, la kuumia na kujizuia, mja anaweza kuanza nalo leo hii. Hatudaiwi tusiumie. Tunadaiwa tusiyaache maumivu yakatuongoza.

Imamu aliyefungwa ulimi

Ghazali hakuandika hayo kwa kubahatisha. Mwaka 484 Hijria (1091), akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu tu, alipewa nafasi ya kufundisha katika Madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad, cheo ambacho kila mwanachuoni wa zama zile alikitamani. Wanafunzi wapatao mia tatu walikuwa wakimsikiliza. Mawaziri walimheshimu. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa amefika.

Yeye mwenyewe anasimulia katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dhalal kwamba alipoichunguza nia yake katika kufundisha, aliikuta si safi kwa ajili ya Allah. Kilichomsukuma kilikuwa ni kutafuta jaha na jina kuenea. Kuanzia mwezi wa Rajabu mwaka 488 (Julai 1095) alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku. Leo ananuia kuondoka Baghdad, kesho anaghairi. Mwishowe ulimi wake ukafungwa. Alikuwa akijitahidi kufundisha angalau siku moja ili awaridhishe waliokuwa wakimjia, lakini neno halikutoka. Akashindwa hata kumeza chakula. Matabibu wakasema maradhi yameanzia moyoni na kusambaa mwilini.

Akaigawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake, akatoka Baghdad. Alikwenda Sham, na katika msikiti wa Damascus alikuwa akipanda mnarani na kujifungia mlango mchana kutwa. Hakuna aliyepiga makofi mnarani.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na hapa ndipo penye somo kubwa. Mwaka 499 Hijria (1106) alirejea kufundisha, safari hii mjini Naysabur. Anaeleza kuwa watu wangeweza kudhani amerejea kule kule alikotoka, kumbe sivyo: mwanzo alikuwa akifundisha elimu ambayo kwayo jaha hupatikana, na sasa anafundisha elimu ambayo kwayo jaha huachwa. Dawa yake haikuwa kuikimbia kazi mpaka kufa. Alikwenda kubadilisha aliyekuwa anamfanyia kazi, kisha akairudia kazi.

Qur'an na Sunna zinasemaje?

Katika Suratul Al-Imran (3:188) Allah (SW) anawaonya wanaofurahia waliyoyafanya na wakapenda wasifiwe hata kwa yale wasiyoyafanya, kwamba wasidhaniwe kuwa wamesalimika na adhabu. Katika Suratun Najm (53:32) anatukataza kujitakasa wenyewe, kwa kuwa Yeye ndiye anayemjua zaidi mwenye kumcha.

Mtume (SAW) alipomsikia mtu akimsifu mwenzake mbele yake, alimwambia kuwa amemkata shingo mwenzake, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Tena akafundisha namna ya kusema iwapo hapana budi kumsifu mtu: aseme kwamba namdhania hivi, na Allah ndiye anayemjua kwa hakika. Na katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (RA), watu wa mwanzo kuhukumiwa ni watatu: aliyekufa vitani, aliyesoma na kufundisha elimu na Qur'an, na aliyetoa mali. Wote watatu watatupwa motoni, kwa kuwa walifanya ili waambiwe shujaa, msomi na mkarimu, na wakaambiwa. Malipo yao walikwisha kuyapokea hapa hapa duniani, kwa sarafu ya maneno.

Na maradhi haya huweza kuupata umma mzima. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, Waislamu walitoka kwenda Hunayn wakiwa elfu kumi na mbili, na hawakuwahi kuwa wengi kiasi kile. Wingi wao ukawapendeza. Qur'an (9:25) inasimulia jinsi wingi ule usivyowafaa kitu, ardhi ikawa finyu kwao pamoja na upana wake, wakageuka kukimbia, mpaka Allah alipoteremsha utulivu wake. Katika Badri walikuwa wachache na macho yao yalikuwa kwa Mola wao. Katika Hunayn kwa kitambo walijitazama.

Ama kuhusu kukosolewa, Suratul Baqara (2:206) inamweleza mtu ambaye akiambiwa amche Allah, hupandwa na kiburi kikamsukuma katika dhambi. Tafakari hapo. Hajaambiwa jambo baya. Ameambiwa amche Allah. Lakini anachosikia yeye ni "unajiona nani wewe wa kuniambia mimi?"

Mlinganishe huyo na Abu Bakr (RA). Katika tukio la Ifk, bibi Aisha (RA) alizuliwa uongo mkubwa, na miongoni mwa walioueneza alikuwamo Mistah, jamaa wa Abu Bakr, masikini aliyekuwa akila kwa msaada wake. Nani kati yetu asiyeumia hapo? Abu Bakr akaapa kuwa hatampa tena kitu. Ndipo ikateremka aya (24:22) ikiwataka wenye fadhila na wasaa wasiape kuwanyima jamaa na masikini, bali wasamehe, je hawapendi Allah awasamehe? Abu Bakr akasema anapenda Allah amsamehe, akaurejesha msaada wake. Huyu hakukosolewa tu, alivunjiwa heshima ya mtoto wake. Lakini msaada wa Mistah haukuwa malipo ya adabu ya Mistah. Ulikuwa baina ya Abu Bakr na Mola wake, na Mola wake hakuwa amebadilika.

Sasa tujipime. Ni wangapi kati yetu tulioacha kutoa kwa sababu jina halikusomwa kwenye kipaza sauti?

Tusiende upande wa pili

Huenda msomaji akauliza: basi mtu asifurahi kamwe akisemwa vizuri? Hapana. Abu Dharr (RA) amepokea kuwa Mtume (SAW) aliulizwa kuhusu mtu anayefanya jema na watu wakamsifu, akasema hiyo ni bishara ya mapema kwa muumini. Sifa iliyokuja nyuma ya kazi bila kutafutwa si haramu. Iliyo hatari ni ile inayotangulia mbele ya kazi na kuivuta kama kamba ya ng'ombe.

Wako wengine wanaoacha jema kabisa kwa kuogopa kuambiwa wanajionyesha. Haadhini, hasimamishi darsa, hatoi mbele za watu, eti anakimbia riyaa. Fudhayl bin Iyadh alifundisha kuwa kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riyaa. Ni kweli, kwani huyu naye anawatazama watu wanavyomtazama. Na wako wanaojilaumu hadharani, "mimi sina lolote, mimi ndiye mwovu kuliko nyote," huku sikio likisubiri kuambiwa, "Hapana sheikh, wewe ni mtu wa Mungu." Jaribio lake ni jepesi: mwitikie kuwa kweli ana mapungufu, kisha utazame uso wake.

Wala si kila lawama ni haki. Qur'an (5:54) inawasifu watu wasioogopa lawama ya mwenye kulaumu katika njia ya Allah. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah kule Mombasa, aliwaeleza Waislamu wa pwani kasoro zao waziwazi. Anayefanya kazi kama ile hawezi kuwa mtu wa kusubiri makofi. Asiyetegemea sifa ndiye anayeweza kusema kweli, na ndiye anayeweza kuambiwa kweli.

Zama za kupigana picha

Hii leo mambo yamekuwa mazito zaidi. Zamani mpenda sifa alihitaji hadhara, na hadhara ilitawanyika jioni watu wakaenda kulala. Sasa hadhara iko mfukoni. Mtu anatuma kipande cha mawaidha yake kwenye simu, na kabla ya alfajiri anaangalia wangapi wamekitazama na wangapi wamekipenda, kisha ndio anakwenda kutawadha. Ramadhani ikifika, futari inagawiwa kwa masikini mmoja na picha zinapigwa na watu watano. Mjane anashikishwa kiroba cha unga na kuambiwa atazame kamera. Uso wake unazunguka mji mzima, na watoto wake wanauona shuleni. Je, tumemsitiri au tumemkodisha kwa kiroba cha unga ili yeye atutangaze?

Sisemi picha zote ni makosa. Wafadhili wana haki ya kujua fedha zao zilikokwenda. Lakini kisima kinaweza kupigwa picha bila mtu kusimama mbele yake, na risiti haina aibu ya kufichwa. Qur'an (76:9) inawataja wanaolisha kwa ajili ya Allah tu, wasiotaka malipo wala shukrani. Hata "ahsante" hawaidai.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mmoja wetu awe na amali moja ambayo hakuna kiumbe anayeijua, si mke, si mume, si rafiki. Ali bin Husayn, Zaynul Abidin, alikuwa akibeba chakula mgongoni usiku na kuwapelekea masikini wa Madina bila ya kujulikana. Alipofariki na kuoshwa ndipo zilipoonekana alama za mizigo mgongoni mwake, na masikini waliokuwa wakipokea usiku wakajua ni nani aliyekuwa akiwaletea.

Pili, ukisifiwa, fanya kama alivyofanya mmoja wa masahaba, aliyekuwa akimwomba Allah asimchukulie kwa wanayoyasema na amsamehe wasiyoyajua. Watu wanasifu walichokiona. Wewe unajua ambacho hawajakiona.

Tatu, ukikosolewa, usianze na swali la "nani kasema?" Anza na "ni kweli?" Kama ni kweli, umepewa zawadi, hata kama imefungwa katika gazeti chafu. Kama si kweli, toa maelezo, fungua daftari, na uendelee na kazi.

Nne, kamati za misikiti zisiache hesabu zingoje kuombwa. Zibandikwe kwenye ubao kila mwezi. Hapo swali la fedha litabaki kuwa la fedha, wala halitahitaji kupita juu ya kifua cha mzee wa mtu.

Tano, sisi tunaokosoa tukumbuke kuwa muumini ni kioo cha muumini mwenzake, kama alivyofundisha Mtume (SAW). Kioo humwonyesha mtu doa akiwa amesimama mbele yake, wala hakiendi kumsimulia jirani. Mfuate mzee wako nyumbani, mwamkie, kaa kitako, mwambie. Ukiona huwezi kumwambia mpaka wawepo watu wa kukusikia, basi jichunguze kabla hujamchunguza yeye.

Ndugu zangu, wanaotusifu na wanaotulaumu wote watatusindikiza mpaka makaburini, watatia udongo, watapangusa mikono na kurudi mjini. Tutakayebaki naye ni Yule aliyekuwa akituona tangu mwanzo. Tunamwomba Allah (SW) azitakase nia zetu, atufanye bora kuliko wanavyotudhania watu, na asituache tukabaki na nafsi zetu hata kwa kupepesa jicho. Amin.

Wabillahi tawfiq.